Nairobi hadi New York: umbali ni mmoja, saa ni nyingi

Swali

Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Mombasa, na mwezi wa Januari, inshallah, nitakwenda New York kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Nimekata tiketi ya ndege inayotoka Nairobi bila kutua popote njiani. Tiketi inasema nitaondoka 23:25 na kufika 06:25 kesho yake, na wakati wa kurudi nitaondoka 12:25 na kufika Nairobi 10:55 kesho yake. Kwa hesabu yangu, kwenda ni saa saba na kurudi ni saa ishirini na mbili na nusu, jambo ambalo haliniingii akilini. Nilipotafuta umbali mtandaoni, niliona mahali pamoja 11,840, pengine 7,350, na pengine tena 6,390. Mume wangu amegawanya 11,840 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, akapata saa kumi na tatu na dakika chache, lakini wakala aliyetuuzia tiketi anasema ni saa kumi na tano. Shemeji yangu naye anashikilia kwamba, kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, ndege iendayo magharibi ndiyo inayopaswa kuwahi, maana New York inaijia. Nani kati yao amesema kweli, na nijiandae kukaa kwenye kiti saa ngapi?

Jibu

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kupata mtoto katika familia. Kwa ufupi, aliyesema kweli ni wakala. Tiketi yako ya kwenda ni ya saa kumi na tano kamili, na ya kurudi ni ya saa kumi na nne na nusu, zikihesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena upande wa pili. Mumeo amegawanya vizuri, ila alichokigawanya si umbali ambao ndege itausafiri. Shemeji yako amekosea, ingawa kosa lake limekaa jirani sana na ukweli, na nitamfikia. Nianze na tarakimu, kwa sababu hizo ndizo zinazowachanganya watu wengi kabla hata hawajafika kwenye saa.

Tarakimu tatu ulizoziona ni umbali uleule mmoja uliopimwa kwa vipimo vitatu. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840. Wamarekani, ambao barabarani hutumia maili, huuandika umbali huo kama maili 7,350 na ushei. Marubani na mabaharia hutumia maili ya baharini, yenye urefu wa mita 1,852, na kwa kipimo hicho umbali huwa kama 6,390. Kurasa nyingi za mtandaoni huandika tarakimu bila kutaja kipimo, au hutaja kwa herufi ndogo ambazo msomaji hazioni, kwa hiyo ukikutana tena na umbali usiotajiwa kipimo, usiutumie katika hesabu yoyote.

Umbali huo hupimwa juu ya tufe, si juu ya karatasi. Ukichukua ramani ya ukutani, ile ya mstatili iliyokuwa ikining'inizwa madarasani, ukaweka rula kati ya Nairobi na New York, mstari utakata Afrika ya kati, utatoka bara hili kwenye pwani ya Mauritania, kisha utavuka Atlantiki kwa mshazari. Ndege ikiufuata mstari huo kwa uaminifu itasafiri karibu kilomita 12,190, yaani kilomita 350 zaidi ya lazima. Njia fupi kuliko zote juu ya tufe huitwa duara kuu, na unaweza kuiona mwenyewe ukipata tufe la shuleni na uzi: bana ncha moja ya uzi pale Nairobi, vuta hadi New York mpaka uzi ukaze, halafu tazama unapita wapi. Utaona unatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, unapita Uganda na Sudan Kusini, unagusa mipaka ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Darfur ya nchini Sudan, unaingia Chad na Niger, unakata jangwa la Sahara kusini mwa Algeria, unatoka barani kwenye pwani ya Morocco, unapita juu ya visiwa vya Azores vya Ureno vilivyo katikati ya bahari, kisha unaendelea kupanda hadi kusini ya kisiwa cha Newfoundland cha Kanada kabla ya kuteremka kidogo kuelekea New York. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba nusu ya kwanza ya safari yote, na zaidi kidogo, ni juu ya Afrika yetu hii. Mtu anayedhani kuwa safari ya Marekani ni ya kuvuka bahari tu atakaa saa sita na zaidi akiwa bado juu ya nchi kavu.

Hata hivyo, ndege haiufuati uzi huo kwa ukamilifu. Anga ni mali ya nchi zilizo chini yake, na kila nchi ina njia zake, ada zake na waongoza ndege wake. Mapigano yalipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita huko zikalazimika kuzunguka. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ililifunga anga lake kwa takriban mwezi mmoja, na zote mbili, kama ulivyoona kwenye uzi, ziko juu ya njia yako au kando yake kabisa. Ipo pia kanuni inayozihusu ndege zenye injini mbili, ambayo hutaka wakati wote ziwe katika muda fulani wa kukifikia kiwanja cha dharura hata zikibaki na injini moja. Ndiyo maana Azores, visiwa ambavyo abiria wengi hawajapata kuvisikia, ni vya thamani kubwa kwa marubani wa Atlantiki. Mwezi wa Agosti 2001, ndege moja kubwa iliyotoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta yote juu ya bahari kwa sababu ya kuvuja, ikateleza hewani bila injini hata moja na kutua salama katika kiwanja cha Lajes visiwani humo. Kwa sababu hizi zote, njia halisi huwa ndefu kuliko duara kuu kwa asilimia chache. Kwa mfano wetu tuchukulie kilomita 12,100.

Sasa saa zako za tiketi. Kanuni ni moja tu: kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika, ya kuondoka kwa mji unaoondoka na ya kufika kwa mji unaofika, na ukitoa moja kutoka nyingine bila kuzileta kwenye saa ya mji mmoja, utapata jibu lisilo na maana yoyote. Saa 23:25 ya Nairobi ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku kwa hesabu yetu. Saa 06:25 ya New York ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano alfajiri ya huko, lakini mwezi wa Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo wakati huo Mombasa itakuwa saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Toka saa tano na ushei usiku hadi saa nane na ushei mchana ni saa kumi na tano. Wakati wa kurudi, saa 12:25 ya mchana wa New York ni saa mbili na dakika ishirini na tano usiku kwetu, nawe utafika saa nne na dakika hamsini na tano asubuhi. Hizo ni saa kumi na nne na nusu. Saa saba na saa ishirini na mbili na nusu ulizozipata zinatofautiana kiasi hicho kwa sababu saa nane zilezile zimepunguzwa upande mmoja na kuongezwa upande mwingine. Ukizijumlisha utapata ishirini na tisa na nusu, jumla ileile ya kumi na tano na kumi na nne na nusu.

Angalizo moja kwa mdogo wako, ambaye huenda siku moja akakukatia tiketi ya mwezi wa Julai: Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi huku hatusogezi kitu. Katika miezi hiyo tofauti ni saa saba, si nane.

Kuna jambo linalotokana na saa hizo ambalo nadhani litakupendeza kulijua kabla hujapanda ndege. Utaondoka Nairobi jua likiwa limezama zaidi ya saa nne zilizopita, utaelekea magharibi, na mapambazuko yatakufuata nyuma bila kukufikia. Januari jua la New York huchomoza baada ya saa moja asubuhi, na wewe utakuwa umetua kabla ya hapo. Safari nzima, tangu Nairobi hadi Azores hadi Amerika, itakuwa gizani, na ukihesabu tangu jua lilipozama Nairobi hadi litakapochomoza mbele yako New York, usiku wako mmoja utakuwa wa saa ishirini na zaidi. Ukifungua dirisha ukitarajia kuiona Sahara, hutaiona, ila taa chache za mbali. Kurudi ni kinyume chake: utaondoka mchana, utalikimbilia giza linalokuja, jua litazama katika saa chache za mwanzo, na usiku utakaoupata hautafika saa kumi kabla hakujapambazuka juu ya Chad au karibu na hapo. Kwa sababu hii, jaribu kulala mapema katika safari ya kurudi, hata kama mwili utakuwa unakwambia bado ni jioni.

Nirudi kwa mumeo. Kilomita 900 kwa saa aliyoitumia ni sahihi kwa ndege ya aina ya Boeing 787, ambayo ndiyo Kenya Airways iliyoianzia safari hii tarehe 28 Oktoba 2018. Ndege hiyo huenda kwa asilimia 85 ya kasi ya sauti, na huko juu, ambako baridi hufika nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, kiasi hicho ni karibu sawasawa na kilomita 900 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Hewa nayo inatembea. Wewe ni mtu wa Mombasa, hunihitaji nikueleze jahazi linavyokwenda na kaskazi nyuma yake na linavyosumbuka likikutana na mbisho, yaani upepo wa kutoka mbele. Ndege iko katika hali hiyohiyo, isipokuwa kwamba ina injini ya kuilazimisha isonge mbele hata pale jahazi lingetia nanga kusubiri msimu.

Juu ya nchi zetu za karibu na ikweta, pepo za huko juu kwa kawaida ni tulivu. Ukishavuka Sahara, mambo hubadilika. Kaskazini, hasa kati ya latitudo 30 na 60, kwenye kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, upo mkondo wa upepo mkali unaoizunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi yake mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa, na katikati ya majira ya baridi, yaani miezi unayosafiri wewe, inaweza kupita 300. Ndege ya kwenda New York huingia katika eneo hilo ikiwa imeuelekea upepo huo, na waliopanga safari hutafuta njia ya kuupisha mkondo huo, kwa kupita kusini yake au kwa kubadili kimo. Ndege ya kurudi hufanya kinyume, huutafuta na kuupanda. Ndiyo sababu njia ya kwenda na ya kurudi hazilingani hata siku moja, na njia ya leo si ya kesho.

Upo ujanja ndani ya hesabu ya upepo ambao watu wengi hawautarajii. Sehemu ya safari iliyo juu ya Atlantiki, kutoka pwani ya Morocco hadi New York, ni kama kilomita 5,800. Bila upepo wowote, kwa mwendo wa 900, ingechukua saa sita na dakika 27. Tuseme kuna mbisho wa kilomita 100 kwa saa: ndege itasonga juu ya bahari kwa 800, nayo itachukua saa saba na robo. Upepo uleule ukiwa nyuma, ndege itasonga kwa 1,000, na kutumia saa tano na dakika 48. Kwa hiyo wakati wa kwenda umepoteza dakika 48, na wakati wa kurudi umeokoa dakika 39 tu. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipigwa na mbisho kuliko inavyokaa ikisukumwa. Anayedhani kwamba kwenda na kurudi vitafidiana na wastani kubaki uleule wa bila upepo amekosea, na kosa hili nimelikuta hata katika hesabu za watu wenye shahada.

Tukiweka sasa kila kitu pamoja: kilomita 12,100 za njia halisi, mbisho wa wastani wa kilomita 50 kwa saa ukiisawazisha safari yote, maana nusu ya kwanza haina upepo wa kutisha, ndege itasonga kwa 850, na muda utakuwa saa kumi na nne na robo. Ongeza dakika kama kumi na tano zinazopotea katika kupanda na kuteremka, ambako ndege huenda polepole. Chini ya kimo cha futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kupita kilomita 460 hivi kwa saa. Ongeza nusu saa ya kutembea ardhini Nairobi na New York. Umefika saa kumi na tano. Kwa maneno mengine, ndege itasafiri juu ya ardhi kilomita 12,100, lakini ndani ya hewa itakuwa imesafiri karibu 12,800. Hizo 12,800 ndizo mafuta yanazozilipia, na ndizo mumeo alizokuwa hanazo.

Kuhusu shemeji yako. Ni kweli kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwamba pale ikweta ardhi husogea kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Lakini ndege haiachwi nyuma inaporuka, kwa kuwa tangu ilipokuwa imesimama Nairobi ilikuwa tayari inakwenda mashariki kwa kasi hiyohiyo pamoja na uwanja, pamoja na hewa, pamoja na sisi sote. Kama hewa isingezunguka pamoja na ardhi, Nairobi ingepigwa usiku na mchana na upepo wa kilomita 1,670 kwa saa, na pasingebaki bati juu ya nyumba. Pale alipoukaribia ukweli ni hapa: mzunguko wa dunia unahusika kweli na safari yako, ila kwa kukuchelewesha, si kukuwahisha. Hewa yenye joto ya ikweta hupanda na kusambaa kuelekea kaskazini ikiwa bado na sehemu ya mwendo wake wa mashariki. Inapofika latitudo za juu, inaikuta ardhi inayosogea polepole zaidi. Pale New York ni kama kilomita 1,270 kwa saa. Hewa hiyo basi huitangulia ardhi, na kuitangulia huko, kukichochewa na tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini, ndiko kunakozaa ule mkondo wa kutoka magharibi. Mfikishie hilo kwa upole, maana wazo lake si la kijinga.

Jambo jingine linaloutofautisha upande wa kwenda na ule wa kurudi ni uwanja wenyewe wa Nairobi, ulio mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi, na hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu ndogo ya kuinua na injini nguvu ndogo ya kusukuma. Ndege inayohitaji mafuta ya saa kumi na tano, kwa kadirio la tani tano hivi kila saa, pamoja na akiba ya kuzunguka na ya kwenda kiwanja mbadala, huwa nzito kweli, na uzito huo lazima uinuke kutoka mahali pabaya kwa kuinuka. Kuondoka usiku husaidia, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya mchana, na njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, ambao ni mwingi. New York, kwa upande wake, iko mita chache tu juu ya bahari. Kwa hiyo safari ya kwenda ina mbisho na mwinuko kwa pamoja, na ya kurudi haina hata kimoja. Majirani zetu wa Addis Ababa, ambao uwanja wao uko juu zaidi, mita 2,300 na ushei, wamelijua jambo hili kwa muda mrefu: kwa miaka kadhaa ndege yao ya kwenda Washington ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta, lakini ya kurudi ilikuwa ikitoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua.

Hukuniuliza kuhusu njia za kuunganisha, lakini najua watu watakuambia ungepita Dubai kwa bei nafuu, na wengine watakuambia kupita Ulaya ni kuzunguka. Uzi wetu wa kwenye tufe unasema vingine. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840, na London hadi New York ni 5,540. Jumla ni 12,380, yaani kilomita 540 tu zaidi ya duara kuu, chini ya saa moja ya kuruka. Ulaya Magharibi iko karibu sana na njia yako ya asili. Dubai ni habari nyingine: kilomita 3,560 hadi huko, kisha kama 11,000 hadi New York, jumla 14,560. Hiyo ni nyongeza ya kilomita 2,700, yaani saa tatu za kuruka, na sehemu ya kwanza ya safari hiyo unaitumia kuligeuzia mgongo jiji unalolikusudia. Hata hivyo, katika safari za kuunganisha, kilomita si ndizo zinazokula muda. Kinachokula muda ni kusubiri uwanjani. Kupita London kwa kusubiri saa saba ni kurefu kuliko kupita Dubai kwa kusubiri saa mbili. Mtu akikupa bei ya njia ya kuunganisha, muulize jumla ya saa tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na usijali sana ramani.

Kuna swali ambalo abiria huuliza wakishafika: mbona tumetua dakika arobaini kabla ya saa iliyoandikwa? Mashirika hayaandiki kwenye ratiba muda wa safari ya siku yenye hali nzuri. Hutazama safari nyingi zilizopita za msimu kama huo, kisha huandika muda ambao safari nyingi zitautimiza, na humo ndani kuna dakika za akiba za foleni na upepo mbaya. Msimu wa baridi wa ratiba huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ule wa joto Jumapili ya mwisho ya Machi. Nusu saa ya ziada katika tiketi yako ya kurudi, ambayo kwa upepo mzuri ingekuwa ya saa kumi na nne, usiione kuwa ni ya bure. John F. Kennedy ni uwanja wenye foleni ndefu za kuruka, na Januari kuna theluji. Ndege yenye barafu juu ya mabawa hairuhusiwi kuruka mpaka imwagiwe kimiminika cha kuiyeyusha, na ikikaa kwenye foleni kupita muda uliopimwa, hurudi kumwagiwa tena. Ukiona magari yenye mikono mirefu yakiirushia ndege yenu maji ya rangi ya chungwa au kijani, usiogope, ila usitazamie pia kwamba mtafika kwa wakati.

Kwenye kiti, basi, jiandae kwa saa kumi na tano za kwenda, ambazo kumi na nne na nusu hivi ni za hewani, na saa kumi na nne na nusu za kurudi, ambazo kumi na tatu au kumi na tatu na nusu ni za hewani. Lakini safari yako inaanzia Mombasa. Ukipanda treni ya Madaraka Express ya asubuhi, utafika kituo cha Syokimau baada ya saa tano au sita, mahali ambapo si mbali na uwanja wa ndege, na bado utakuwa na jioni nzima. Fika uwanjani si chini ya saa tatu kabla ya ndege, kwa kuwa safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada wa mizigo na maswali. Upande wa pili, foleni ya uhamiaji pekee inaweza kula saa moja na nusu, kwa hiyo mwambie mdogo wako asije kukusubiri saa kumi na mbili na nusu alfajiri na mtoto mchanga katika baridi ile. Saa mbili asubuhi inatosha. Na wakati wa kurudi, usikate ndege ya Mombasa inayoondoka Nairobi kabla ya saa tisa mchana, hasa kama itakuwa kwenye tiketi tofauti, maana ile ya New York ikichelewa kwa barafu, shirika la pili halitawajibika kukusubiri wala kukurudishia nauli.